Mafia: mzamiaji analipa kila siku, nani anaonyeshwa hesabu?

Mgeni anayeshuka ndege Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa cha Mafia inchini Tanzania, anachukua gari kuelekea Utende, upande wa mashariki. Kabla hajafika ufukweni anasimamishwa kwenye bariere. Hapo ndipo hifadhi ya bahari inapoanza, na hapo ndipo anapolipa. Analipa kwa kila siku atakayolala ndani ya hifadhi, hata kama hatatia mguu majini, hata kama atakaa kivulini juma zima akisoma kitabu. Kwa miaka mingi ada ya mtu mzima kutoka ngambo imekuwa dola 20, na kodi ya ongezeko la thamani ya 18% ikiingizwa juu yake inafika dola 23.6. Mume na mke wakikaa siku saba wanatoa zaidi ya dola 330, kabla ya kulipa chumba, chakula, mashua na mtungi wa hewa.

Wazamiaji, yaani wale wanaobeba mtungi mgongoni na kushuka chini ya maji kutazama samaki, wananung'unikia ada hiyo tangu zamani. Ni rahisi kuwacheka. Mtu aliyelipa tiketi ya ndege kutoka Ulaya hadi Dar es Salaam, kisha akapanda ndege ndogo hadi Mafia, anashindwaje na dola ishirini na kitu? Mvuvi wa Jibondo akisikia manung'uniko hayo ana haki ya kutikisa kichwa. Lakini ukiwasikiliza vizuri, wengi wao hawasemi kwamba ada ni kubwa. Wanasema kwamba wakishuka majini hawaioni. Wanataka kuona boya la kufungia mashua, ili nanga isitupwe juu ya matumbawe. Wanataka kuona mashua ya doria ikipita, na mtu akikamatwa anapovua mahali palipofungwa. Wakipanda juu wanataka kusikia kwamba kijiji kilicho mbele ya hoteli kimepata kitu. Hilo ni ombi la haki, na ni lile lile ambalo wavuvi wenyewe wamekuwa wakilitoa kwa sauti nyingine tangu hifadhi ilipoanzishwa.

Msomaji wa Goma, Bukavu au Uvira ambaye hajaona bahari anahitaji kujua kwanza kitu gani kinachouzwa pale. Matumbawe yanaonekana kama mawe, lakini ni viumbe hai, wadogo sana, wanaojenga nyumba za chokaa moja juu ya nyingine kwa mamia na maelfu ya miaka. Ndani ya majengo hayo samaki wanazaa, wanajificha na kukua. Yakivunjika, samaki wanahama na mvuvi anabaki na wavu mtupu. Mafia iko mbele ya delta ya mto Rufiji, na mchanganyiko wa maji ya mto, mikoko, majani ya bahari na matumbawe umeifanya kuwa mojawapo ya sehemu tajiri sana za Bahari ya Hindi upande wa Afrika. Mwaka 1998, maji ya bahari yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya mwambao huo yalipauka na kufa. Sehemu nyingine zilipona pole pole, nyingine hazijarudi kama zilivyokuwa. Mali hiyo haiwezi kuvumilia joto la dunia na uharibifu wa mikono ya watu kwa wakati mmoja.

Tanzania ililiona jambo hilo mapema. Mwaka 1994 bunge lake lilipitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari katika inchi hiyo, kwa ukubwa wa kilomita za mraba 822. Kenya ilikuwa imetangulia kwa Malindi na Watamu, mwaka 1968. Lakini Mafia ilikuwa na tofauti moja kubwa: watu hawakuondolewa. Vijiji vilibaki ndani ya mipaka ya hifadhi: Utende, Chole, Juani, Jibondo na vingine. Bahari iligawanywa katika sehemu tatu. Kuna sehemu ambazo hazivuliwi kabisa, nyingine zinavuliwa na wenyeji kwa zana maalum, na zilizobaki zinatumiwa kwa masharti mepesi zaidi.

Sheria ile ya 1994 ina maneno ambayo yanapaswa kusomwa upya kila mara ada inapozungumzwa. Inataka wanavijiji washirikishwe katika hatua zote za kupanga na kuendesha hifadhi, wagawiwe faida zake, na wapewe nafasi ya kwanza katika matumizi ya mali ya bahari na katika kazi zinazotokana nayo. Nafasi ya kwanza. Haikuandikwa kwamba watakumbukwa pesa zikibaki.

Mambo yaliyotokea baadaye yameandikwa sana. Christine Walley, mtafiti kutoka Marekani aliyeishi Mafia miaka ya 1990, alitoa kitabu mwaka 2004 juu ya mivutano ya hifadhi hiyo, akionyesha jinsi wakazi waliokuwa wameunga mkono wazo lenyewe, kwa sababu walitaka kulindwa dhidi ya wavuvi wa baruti kutoka nje, walivyoanza kujiona wamesukumwa pembeni. Mwaka 2012 watafiti Tor Benjaminsen na Ian Bryceson waliandika kwa ukali zaidi: kwamba uhifadhi na utalii vimewanyang'anya wavuvi wa mwambao wa Tanzania mali yao pole pole, na Mafia ilikuwa mojawapo ya mifano yao. Mtu anaweza kubishana nao juu ya neno moja au lingine. Jambo moja halibishaniwi: mvuvi wa Jibondo alilipa kabla ya mzamiaji. Alilipa kwa juya lake lililopigwa marufuku, na kwa sehemu aliyoizoea kutupa wavu ambayo sasa hairuhusiwi. Malipo hayo hayapewi risiti.

Kwa hiyo bariere ya Utende ina walipaji wawili, mmoja kwa dola, mwingine kwa riziki. Wote wawili wanauliza swali moja.

Katika suala la doria, wazamiaji wana ushahidi ambao wakubwa wa ofisi hawana. Sauti inakimbia majini zaidi ya mara nne kuliko hewani. Mtu aliye chini ya maji anasikia mlipuko wa baruti uliotokea kilomita nyingi kutoka alipo, wakati rafiki yake aliyebaki ndani ya mashua hasikii kitu. Baruti ilikuwa janga la mwambao wa Tanzania kwa miaka mingi. Mtu anawasha chupa, anaitupa penye kundi la samaki, na mshindo unapasua kibofu cha hewa kilicho ndani ya samaki. Wachache wanaelea, wengi wanazama bila kuokotwa. Matumbawe yanageuka kuwa kokoto, na juu ya kokoto zinazoviringishwa na mawimbi kiumbe kipya hakishiki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jeshi liliingia kazini na milipuko ikapungua. Jeshi liliporudi kambini, baruti ikarudi. Mwaka 2015 uchunguzi uliofanywa kwa vinasa sauti vya majini, kwa muda wa mwezi mmoja hivi, ulisikia milipuko zaidi ya 300 kando ya mwambao, mingi yake si mbali na Dar es Salaam. Ndipo serikali ilipounganisha polisi, idara ya uvuvi na vyombo vingine, na kuanzia 2016 na 2017 milipuko ilishuka sana.

Historia hiyo ina funzo la moja kwa moja kwa ada. Doria ikifanyika kwa msimu, kwa amri kutoka juu, mvunja sheria anasubiri msimu upite. Doria inayofaa ni ile ya kila juma, isiyo na makelele, yenye mafuta ya mashua yaliyolipiwa mapema na watu wanaolipwa mshahara kwa wakati. Kazi hiyo inahitaji pesa zinazoingia kila siku, na ada ya mzamiaji ni pesa ya namna hiyo hasa. Mtu akiuliza kwa nini ada isifutwe ili wageni waongezeke, jibu liko hapo. Hifadhi isiyo na pesa ya mafuta imebaki kwenye karatasi.

Kisiwa cha Bonaire, kilicho chini ya Uholanzi katika bahari ya Karibi, kilipitia njia hiyo hiyo. Hifadhi yake ya bahari ilianza mwaka 1979 kwa msaada wa wafadhili. Msaada ulipokwisha, kwa miaka kadhaa ikabaki jina tu. Mwaka 1992 ikaanza kutoza kila mzamiaji dola 10, kwa mwaka mzima, na mzamiaji akapewa kibati cha kufunga kwenye vyombo vyake ili kila mtu aone kwamba amelipa. Wenye biashara ya kuzamisha wageni waliogopa kwamba watu watakimbia. Hawakukimbia. Watafiti walipowauliza wageni, wengi walisema wako tayari kulipa zaidi ya zile dola 10. Baadaye ada ilipandishwa mara kadhaa, na Bonaire bado inatajwa kati ya sehemu zinazopendwa sana na wazamiaji duniani. Walikubali kulipa kwa sababu waliona pesa ikifanya kazi: maboya kila mahali pa kuzamia, walinzi majini, na nanga zimekatazwa juu ya matumbawe.

Mafia haiwezi kunakili Bonaire neno kwa neno. Bonaire inapokea meli na ndege nyingi. Mafia inapokea wageni wachache, na ada ya dola 10 kwa mwaka isingelipa hata tairi za gari la hifadhi. Lakini utaratibu wa kulipisha kwa siku una ubaya wake. Unamfanya mgeni ahesabu masaa. Anafupisha safari, na siku aliyoikata ni siku ambayo mpishi wa Utende, nahodha wa Chole na muuza pweza wangepata kitu. Tiketi ya juma moja, au ya mwezi, kwa bei iliyopigiwa hesabu vizuri, ingeweza kuleta pesa ile ile bila kumfukuza mtu anayetaka kukaa. Jambo hilo halihitaji sheria mpya ya bunge. Linahitaji watu wa utalii, wa hifadhi na wa vijiji wakae meza moja na kalamu.

Wasimamizi wa hifadhi wana jibu lao pia, na lina uzito. Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu hakisimamii Mafia peke yake. Kuna hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa mto Ruvuma, kusini kabisa mpakani na Msumbiji. Kuna ile ya Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki wa kale sana aitwaye silakanti, ambaye wanasayansi waliwahi kudhani ametoweka duniani zamani. Kuna visiwa vidogo vya Dar es Salaam kama Mbudya na Bongoyo. Nyingi ya sehemu hizo hazina wageni wa kutosha kujilipia, na Tanga matumbawe yanahitaji ulinzi sawa na ya Mafia. Pesa ya penye wageni ikisaidia pasipo na wageni, hiyo ni busara. Ubaya unakuja pale inaposafiri kimya kimya. Kama sehemu ya dola za Utende inanunua mafuta ya mashua ya Tanga, iandikwe. Mzamiaji hatakasirika. Mvuvi wa Jibondo anaweza kukasirika, na kwake pia kuna jibu, ila lazima apewe hilo jibu badala ya kuachwa akisia.

Ndani ya Mafia yenyewe kuna mfano wa pesa ya mgeni inayoonekana. Kwenye fukwe za Juani kasa wanapanda usiku kutaga mayai. Zamani mayai yalichimbwa na kuliwa, na kasa mwenyewe alichinjwa. Baadaye ukaanza utaratibu ambapo mwanakijiji anayegundua kiota na kukitunza anapewa malipo, na mgeni anayetaka kutazama watoto wa kasa wakitoka mchangani na kukimbilia majini anachangia pesa, ambayo sehemu yake inarudi kijijini. Mtu wa Juani haitaji hotuba juu ya faida ya uhifadhi. Anajua kiota kiko wapi, nani alikiona kwanza, na malipo yanatoka wapi. Ukubwa wa pesa hiyo hauwezi kulinganishwa na ada ya bariere, lakini imani iliyojengwa nayo ni kubwa kuliko ile iliyojengwa kwa dola zote za Utende. Mtu akichimba mayai Juani leo, anawaibia majirani anaowafahamu kwa majina.

Kuna pia mfano wa upande mwingine. Mnyama anayeleta wageni wengi Mafia ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mwenye madoa meupe mgongoni, asiyeuma mtu kwa sababu anachuja vijidudu vya majini. Tangu mwezi wa kumi hadi wa pili au wa tatu anaonekana mbele ya Kilindoni, karibu sana na pwani, na watafiti wamegundua kwamba wengine hawaondoki mwaka mzima. Kilindoni iko magharibi. Bariere na sehemu kubwa ya hifadhi viko kusini na mashariki. Mgeni anaweza kukaa Kilindoni, akaogelea na papa potwe kila asubuhi, akaondoka bila kufika Utende. Mwenzake aliyelala Utende bila kuzama analipa kila siku. Mpaka uliochorwa mwaka 1995 haukujua utalii utaelekea wapi, na hilo si kosa la mtu. Kosa ni kuacha mpaka huo uamue nani analipa na nani halipi wakati mambo yamebadilika. Mashua zinazomzunguka samaki yule, kila nahodha akitaka wageni wake waruke kwanza majini, zinahitaji kusimamiwa kama zile za ghuba ya Chole. Anayetaka kujua mambo yanavyokuwa pasiposimamiwa aulize juu ya Mnemba, kule Zanzibar, ambako katika msimu wa wageni mashua zinafuata pomboo mmoja kwa makundi.

Suala la hoteli na visiwa ndilo linalokuja kwa kasi zaidi, na ndilo linalozungumzwa kidogo. Mwambao wote wa Tanzania na Zanzibar umeingia katika homa ya visiwa vidogo. Tangu mwaka 2021 Zanzibar imekuwa ikikodisha visiwa vyake vidogo kwa wawekezaji, kwa mikataba ya miaka mingi. Karibu na Mafia, kisiwa cha Shungimbili kilitangazwa eneo tengefu mwaka 2007, na kuanzia 2016 kuna nyumba ya kifahari ambayo tajiri anaikodi pamoja na kisiwa kizima. Wanaotetea mtindo huo wanasema: wageni kumi wanaolipa sana wanaharibu kidogo kuliko wageni elfu wanaolipa kidogo. Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande wa matumbawe. Lakini visiwa vile vidogo, visivyo na kijiji, havikuwa vitupu. Wavuvi wa mwambao wana desturi ya kwenda dago: wanaondoka nyumbani kwa majuma, wanapiga kambi kwenye kisiwa kidogo, wanakausha samaki, kisha wanarudi. Ramani ya mwekezaji haionyeshi dago. Inaonyesha mchanga mweupe.

Hoteli nayo inakuja na vitu ambavyo ada haivilipii. Choo kinahitaji kumwaga maji yake mahali, na maji machafu yakiingia baharini yanalisha mwani unaofunika matumbawe. Bustani inahitaji maji matamu ya visima, na kisiwa hakina mto. Jenereta inahitaji mafuta, na mafuta yanakuja kwa mashua. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kutangaza Mafia kwenye maonyesho ya utalii lingekuwa: kisiwa kinaweza kubeba vitanda vingapi? Idadi hiyo ikishajulikana, iheshimiwe hata anapokuja mwenye pesa nyingi na barua kutoka juu.

Malaysia ilifanya hivyo kwa kisiwa cha Sipadan, na hata huko mambo hayakwenda sawa. Sipadan ni kisiwa kidogo sana ambacho wazamiaji wa dunia nzima wanakijua. Kufikia mwisho wa 2004 serikali ilikuwa imeamuru hoteli zote ziondoke kisiwani, kisha ikaweka kikomo cha wageni 120 kwa siku. Ilikuwa hatua ngumu, na ilisifiwa. Mwezi wa tano wa 2006, boti kubwa la mizigo lililobeba vifaa vya ujenzi wa jengo la wageni kwenye kisiwa hicho hicho likakwaruza matumbawe na kuyavunja. Hoteli zilikuwa zimeondolewa ili kulinda matumbawe, na ujenzi ulioruhusiwa ukayavunja. Wazamiaji ndio waliopiga kelele kwanza, wakiwa na picha.

Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuwasikiliza. Mzamiaji wa kawaida anarudi mahali pale pale, anapiga picha, anaandika kwenye daftari lake kina, siku na kile alichokiona. Wengine wanarudi baada ya miaka kumi na kulinganisha. Serikali inayolalamika kwamba haina watu wa kutosha kuchunguza bahari ina mamia ya watu wanaolipa ili washuke kuitazama. Kinachokosekana ni mtu wa kupokea taarifa zao na kuzijibu. Nahodha na waongozaji wa majini, ambao wengi ni vijana wa visiwa hivyo hivyo, wanajua zaidi ya wageni. Nao wanaogopa kusema, maana mkubwa wa hoteli na mkubwa wa hifadhi wanaweza kuwanyima kazi.

Msomaji wa Kivu atakuwa ameshaona ni kwa nini habari za kisiwa cha Tanzania zinamhusu. Congo ina hifadhi moja tu inayogusa bahari, ile ya mikoko ya Muanda, iliyoundwa mwaka 1992 kwenye mlango wa mto Congo, kwenye pwani isiyozidi sana kilomita 40. Lakini maji yaliyo ndani ya mbuga, yenye wavuvi na walinzi wanaotazamana kwa mashaka, yako karibu zaidi. Ziwa Edouard liko ndani ya Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925. Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma ni vijiji vya wavuvi vinavyotambuliwa na sheria, kama Jibondo na Chole. Zamani viboko wa eneo hilo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na kinyesi chao kililisha samaki. Waliuawa na watu wenye silaha hadi katika miaka ya 2000 wakabaki mamia, na wavuvi wakaanza kulalamika kwamba samaki wamepungua. Mitumbwi iliongezeka kupita idadi iliyokubaliwa. Kila mmoja anamnyooshea mwingine kidole, na mvuvi anayelipa kodi zake zote anaulizwa na mke wake kwa nini bado analipa.

Na utalii wa visiwa hauko mbali. Kabla vita haijafunga milango, mbuga ya Virunga ilikuwa ikipokea wageni kwenye kambi ya kisiwa cha Tchegera, katika ziwa Kivu. Idjwi, kisiwa kikubwa chenye watu wengi sana na ardhi kidogo, kinatajwa kila mara watu wanapozungumza utalii wa baadaye. Siku amani itakaporudi, wenye pesa watafika na ramani zao za fukwe. Wakuu wa Idjwi wakiwa na akili watasafiri Mafia kabla ya hapo, wakae siku mbili Utende na siku tatu Jibondo, wasikilize pande zote mbili. Tangu Congo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mkutano wa namna hiyo hauhitaji mfadhili wa Ulaya kuuandaa. Lugha ni moja.

Kwa Tanzania, la kufanya halihitaji pesa nyingi. Papa potwe watakusanyika tena mbele ya Kilindoni mwezi wa kumi, na wageni watafuata. Kuna muda wa kutosha wa kubandika karatasi moja kwenye bariere ya Utende na nyingine kwenye ofisi ya kijiji cha Jibondo, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mgeni: mwaka jana ilikusanywa kiasi gani, kiasi gani kilibaki Mafia, mashua ya doria ilikuwa majini siku ngapi, watu wangapi walikamatwa na kesi zao ziliishia wapi, na kila kijiji kilipewa nini.

Karatasi hiyo ikibandikwa, mzamiaji ataisoma akingoja risiti yake. Mvuvi ataisoma pia, na atakuwa na maswali mengi zaidi kuliko mzamiaji.